Mihula Sita ya Bi Jirani

Kazi yangu ya uzeeni ni kusimamisha magari. Saa mbili na nusu asubuhi, kuwe na jua au theluji, utanikuta ukingoni mwa barabara moja hapa Leicester, nimevaa koti la njano linalonifika magotini, mkononi nimeshika mti mrefu wenye duara kichwani. Watoto wanauita pipi ya kijiti. Nikiuinua, lori zima na shehena yake linasimama. Uwezo huo nimepewa na sheria ya mwaka 1953, iliyotungwa wakati motokaa zimejaa barabarani Uingereza na watoto wa shule wanagongwa. Tanga nilifundisha Darasa la Kwanza miaka ishirini na sita, na sikuwahi kutiiwa hivyo hata siku moja.

Ukivusha watoto kila siku unajifunza kukisia umri kwa mwendo. Wa miaka kumi anavuka huku anapiga soga. Wa miaka saba anakimbia. Wa miaka minne anasimama katikati ya barabara kuokota jani. Na hapa wa miaka minne ni wengi, sare mwilini na mkoba mgongoni, wanakwenda shule ya kweli, si chekechea. Septemba iliyopita mmojawapo alikuwa mjukuu wangu. Amezaliwa Julai, kwa hiyo siku ya kwanza ya shule alikuwa na miaka minne na miezi miwili, na mkoba ulikuwa ukimpiga nyuma ya magoti. Mama yake alikuwa ameulizia kama mtoto anaweza kungoja mwaka mmoja. Akajibiwa kwa barua ndefu yenye adabu zote: sheria haimlazimishi mtoto kabla hajatimiza mitano, ila akichelewa huenda akatiwa moja kwa moja darasa la mbele, akakute wenzake wanasoma. Basi akaenda.

Mimi nikabaki na swali la mgeni. Hiyo mitano ilitoka wapi? Wajerumani huanza na sita, na Wafaransa walianza na sita mpaka mwaka 2019. Waswidi kwa miaka mingi walianza na saba. Kwetu Tanzania pia ilikuwa saba, walau katika karatasi.

Nasema katika karatasi kwa sababu mimi mwenyewe sikuandikishwa kwa tarehe. Mwaka 1963 mwalimu mkuu alitupanga mstari chini ya mwembe, akataka kila mmoja wetu apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, ashike sikio la kushoto. Anayelifikia ni mwanafunzi. Asiyelifikia arudi kwa mama yake akanywe uji. Nililigusa kwa ncha ya kidole cha kati, ulimi umenitoka nje kwa juhudi, nikapita. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilipowataka wote wenye miaka saba, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu chini ya mwembe, na watoto wenye cheti cha kuzaliwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Nikafanya vilevile. Leo tunakicheka kipimo kile, na kweli kiliwaonea wafupi. Lakini ili kukitumia ilikulazimu umtazame mtoto aliyesimama mbele yako.

Uingereza hawakuhitaji sikio la mtu. Vizazi vyao viliandikishwa tangu 1837, na tangu 1875 mzazi asiyeandikisha mtoto anapigwa faini. Nchi yenye daftari la namna hiyo inaweza kutunga sheria ya siku ya kuzaliwa na kuitimiza. Ndivyo walivyofanya.

Februari 1870 William Forster, mbunge wa Bradford na mwenye kiwanda cha sufu, alipeleka bungeni muswada wa elimu ya msingi. Muswada ule, ulipokuwa sheria Agosti ya mwaka huo, haukumlazimisha kila mtoto wa nchi. Uliziruhusu bodi za shule za kila mahali kutunga kanuni zao za kulazimisha mahudhurio ya watoto wa kati ya miaka mitano na kumi na mitatu. Lazima ya nchi nzima ilikuja mwaka 1880, kuanzia mitano hadi kumi. Nilitegemea kukuta mjadala mkubwa juu ya ule mstari wa chini: madaktari, walimu, akina mama, mtu yeyote aliyewahi kumfunga mtoto kamba za viatu. Sikuukuta. Walikuwako waliopendekeza sita, wakapita kama upepo. Hoja zilizosimama zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa maskini ni afadhali awe darasani kuliko kwenye uchochoro na kwenye chumba kimoja chenye unyevu. Ya pili ni ya wenye viwanda. Mikono midogo ilikuwa na kazi kwenye mitambo na mashambani, na bwana aliyeogopa kunyang'anywa wafanyakazi alipozwa kwa hesabu nyepesi: mtoto akianza mapema, atamaliza mapema.

Kwa hiyo ile tano ni bei. Ni upande mmoja wa mapatano ambayo upande wake wa pili ulikuwa umri wa kwenda kazini.

Tangu hapo mlango wa kutokea umesogezwa mara tano. Kutoka miaka 10 ukawa 11 mwaka 1893, ukawa 12 mwaka 1899, sheria ya 1918 ikaupeleka 14, mwaka 1947 ukawa 15, mwaka 1972 ukawa 16. Kila mara watu walibishana, magazeti yakaandika, mawaziri wakatokwa jasho. Mlango wa kuingilia hakuna aliyeugusa. Mapatano yalikufa, viwanda vile vyenyewe vikafa, tano ikabaki imesimama kama nguzo ya nyumba iliyokwisha kubomoka.

Tena watu wa zamani hawakungoja hata hiyo tano. Katika jumba la kumbukumbu za mkoa nilionyeshwa daftari la uandikishaji la shule moja ya mwanzoni mwa karne iliyopita, safu ya tarehe ya kuzaliwa kwa wino uliogeuka kahawia. Nilitoa kidogo kutoka kikubwa mara tatu kwa sababu sikuamini. Miaka mitatu na miezi minne. Miaka mitatu kamili. Mama anayefua nguo za watu au anayeshinda kiwandani alimkabidhi mdogo kwa dada yake wa miaka minane, wakaenda wote. Mwaka 1900, kati ya kila watoto 100 wa miaka mitatu hadi mitano katika Uingereza na Wales, kama 43 walikuwa wameandikishwa shule ya msingi.

Kisha mwaka 1905 wakaguzi wanawake wa serikali waliingia katika vyumba vile na kuandika walichokiona. Mmoja wao, Katharine Bathurst, alikuwa na kalamu kali. Wakaguzi walikuta mabenchi ya mbao ambayo miguu ya mtoto haifiki sakafuni, watoto wamekunja mikono kifuani kwa amri, mwalimu mmoja na kundi la kumshinda mtu, mazoezi ya kuimba herufi yasiyomwingia yeyote. Wakasema mtoto wa chini ya mitano hapati faida ya akili mahali kama pale, na huenda anapata hasara. Serikali ikasikia. Badala ya kubadili benchi, ikazipa halmashauri ruhusa ya kumkataa mtoto. Ilipofika 1930 wale 43 walikuwa wamebaki 13.

Nimefundisha wadogo, kwa hiyo niwieni radhi kwa hasira hii ndogo. Ripoti ile ilithibitisha kwamba benchi halimfai mtoto wa miaka minne na miezi kumi na moja. Mwezi mmoja baadaye, benchi lilelile, mwalimu yuleyule, na sasa linamfaa kwa nguvu ya sheria. Margaret McMillan na dada yake Rachel walifungua shule yao ya bustanini kule Deptford mwaka 1914, watoto wakilala hewani na kulishwa na kuogeshwa, wakaonyesha kwamba chumba kinaweza kumfuata mtoto. Mwaka 1933 kamati ya Hadow iliandika kitabu kizima kusema hivyo. Wengi walikisifu.

Nimefika kwa Bi Jirani.

Nyumba zetu zinagawana ua wa mbao, na yeye amevuka miaka sabini. Siku ya kwanza aliniita bata. Nilirudi ndani nimenuna, mpaka binti yangu akanieleza kwamba Leicester na miji ya karibu bata ni neno la mapenzi, humwita hivyo hata dereva wa basi. Sasa asiponiita bata najua amekasirika. Alipomwona mjukuu wangu na sare yake aliniambia, huku ananyofoa magugu, kwamba yeye alianza akiwa na miaka mitano kamili, Septemba 1952, na kwamba alizaliwa Agosti 1947. Tangu siku hiyo tumezungumza kiangazi kizima, yeye upande wake, mimi upande wangu, chai zimewekwa juu ya nguzo ya ua.

Mwaka wake wa kuzaliwa si wa kawaida. Mwaka 1941, mabomu yanaanguka, Uingereza na Wales walizaliwa watoto wasiofika 600,000. Wanaume wakarudi kutoka vitani. Mwaka 1947 walizaliwa zaidi ya 880,000. Watu wa elimu waliliona kundi hilo linakuja kama abiria anavyoona wimbi akiwa ndani ya mashua, na walijua hasa siku litakapopiga: 1952.

Na mashua yenyewe ilikuwa imejaa. Sheria ya Elimu ya 1944, ile iliyopitishwa na R. A. Butler vita havijaisha, ilirudia neno lilelile la 1870 bila kusita: umri wa lazima unaanza mitano. Mabishano yote yalikuwa juu ya mwisho, kumi na mitano. Ellen Wilkinson, mwanamke mfupi mwenye nywele nyekundu aliyekuwa Waziri wa Elimu baada ya vita, alipigana na mawaziri wenzake walioona kwamba nchi haina fedha wala matofali. Akashinda, akafa Februari 1947, na tarehe 1 Aprili mwaka huo umri wa kuacha shule ukapanda. Ili wakubwa wapate pa kukaa yalijengwa mabanda ya zege upesi upesi kwenye viwanja vya michezo nchi nzima, na walimu 35,000 hivi walipikwa kwa kozi za dharura za miezi kumi na mitatu, wengi wao wametoka jeshini. Nguvu hiyo yote ilikwenda kwenye mlango wa kutokea. Miaka mitano baadaye wimbi la 1947 likagonga mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo darasa la Bi Jirani lilikuwa na watoto arobaini na saba. Kanuni ilisema wasizidi arobaini.

Lakini yeye hakuanza hadithi yake darasani. Alianza na kabati la mama yake. Uingereza bado ilikuwa kwenye mgao wa chakula, na kila mtu alikuwa na kitabu cha mgao chenye rangi yake. Mtoto wa chini ya miaka mitano alikuwa na cha kijani, sawa na mwanamke mjamzito. Kijani kilikuwa na baraka: maziwa kwa bei ndogo, chupa za maji ya chungwa mazito kutoka kliniki, na mafuta ya ini la samaki ambayo baraka yake watoto hawakuiona. Ukitimiza mitano kitabu kinageuka buluu. Chungwa linakatika. Bi Jirani anakumbuka chupa ya mwisho. Mama yake aliisuuza kwa maji mara mbili, wakanywa na hayo maji.

Cha pili kilikuwa redio. Tangu Januari 1950, saa nane kasorobo mchana, BBC walikuwa na kipindi cha watoto wadogo walio nyumbani na mama zao, hadithi fupi na wimbo. Mama yake alikuwa mshonaji wa soksi wa kazi za nyumbani. Robo saa ile ndiyo pekee aliyokaa bila kushika kitu. Anayekwenda shule hakisikii tena kipindi. Hakuna aliyemwambia hilo kabla. Alilijua saa nane kasorobo ya Jumatatu, akiwa sakafuni anapanga vipande vya mbao, aliposikia saa ya ukutani.

Mama yake naye alirudi kiwandani juma lilelile. Leicester ulikuwa mji wa soksi, fulana na viatu, na wanawake wake walizoea kazi za kiwandani tangu zamani. Wakati wa vita serikali ilifungua zaidi ya vituo elfu moja vya kulelea watoto ili mama zao waende kwenye viwanda vya risasi na ndege. Vita vilipokwisha vituo vikafungwa kimoja kimoja. Daktari John Bowlby aliandika mwaka 1951, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, juu ya madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake, na kitabu chake kikasomwa sana majumbani. Mama akabaki kati: mwaka huu anaambiwa asimwachie mtu mtoto wake, mwaka kesho asipomwacha anaitwa mahakamani. Kwa mama wa Bi Jirani mambo yalikuwa mepesi zaidi. Tano maana yake mshahara wa pili.

Shule yenyewe ilikuwa jengo la matofali mekundu la wakati wa Malkia Victoria, madirisha yamewekwa juu mtoto asione nje, choo uani. Wengi wa watoto hawakuweza kusoma majina yao, kwa hiyo kila mmoja alipewa picha. Picha ilikuwa juu ya kulabu ya koti, juu ya taulo, juu ya kitanda cha turubai. Yake ilikuwa birika. Aliyemfuata alikuwa mwavuli. Kuna mzee mmoja mtaa wa pili ambaye mpaka leo anamwita Mwavuli, na jina lake halisi, anasema, lazima afikiri kwanza.

Baada ya chakula cha mchana wadogo kabisa walilazwa. Vitanda vya turubai vilifunguliwa kwenye ukumbi, blanketi la kijivu, macho yafumbwe. Yeye hakulala hata mara moja. Alihesabu bomba za juu. Saa nne asubuhi yalikuja maziwa, chupa ndogo ya theluthi ya painti kwa kila mtoto, bure kwa sheria ya mwaka 1946, nayo pia ni ya Ellen Wilkinson. Majira ya baridi maziwa yaliganda na kuinua kifuniko cha karatasi ya fedha kama kofia. Mwalimu aliyapanga kando ya bomba la moto yayeyuke, yakanywewa yakiwa na joto la kuchusha. Bi Jirani hunywa chai ya mkandaa tangu 1954, alipopata ujasiri wa kukataa.

Walicheza mchanga, walikuwa na udongo wa rangi, walisoma vitabu vya Janet and John vilivyoanza kutoka mwaka 1949, mvulana na msichana safi wenye mbwa. Nilipomuuliza kama alifundishwa vibaya alishangaa. Mwalimu wake alikuwa mwema, alikuwa na mikono baridi na sauti ya chini, na alikuwa na watoto arobaini na saba. Basi.

Hapo ndipo nilipomletea hesabu yangu, na ninaona haya kidogo kuieleza, maana ni hesabu ya mwalimu mstaafu asiye na kazi mchana.

Sheria ilisema mitano, lakini shule haiwezi kupokea mtoto kila siku ya kuzaliwa inapofika. Kwa kawaida mtoto alianza mwanzo wa muhula unaofuata siku aliyotimiza mitano, na mihula ilikuwa mitatu: Septemba, Januari na baada ya Pasaka. Kuingia kulikuwa kwa mafungu matatu. Kutoka kulikuwa kwa fungu moja: Septemba, wote waliotimiza miaka saba katika mwaka wa shule walihamishwa pamoja kutoka ngazi ya wadogo kwenda ngazi ya wakubwa. Chukua watoto wa kundi la Bi Jirani, waliozaliwa kati ya Septemba 1946 na Agosti 1947. Wa vuli, Oktoba au Novemba, alitimiza mitano akaanza Januari 1952. Wa Februari akaanza baada ya Pasaka. Wa Aprili hadi Agosti wakaanza Septemba. Wote wakapandishwa Septemba 1954. Ukihesabu, wa kwanza alipata mihula minane kwa mwalimu wa wadogo, wa pili saba, wa tatu sita. Na yule wa sita ndiye mdogo kuliko wote. Aliye mdogo kwa umri alipewa na masomo machache.

Zipo shule zilizojaribu kusahihisha hilo kwa kuwapokea mapema wale wanaokaribia mitano, mwanzo wa muhula watakaotimizia.  Lakini hao wa kukaribia walipokelewa nafasi ikiwapo tu. Mwaka 1952 nafasi ilikuwa wapi?

Muhula mmoja au miwili, utasema, ni nini katika maisha ya mtu? Ingekuwa si kitu kama mtoto angeachwa akue. Lakini ngazi ya wakubwa shule nyingi ziliwagawa watoto kwa uwezo wakiwa na miaka saba tu: mkondo wa A, mkondo wa B, pengine C. Anayejua kusoma tayari anakwenda A. Brian Jackson alichunguza mikondo hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha jambo ambalo walimu wengi hawakuwa wamelitazama: waliozaliwa vuli na kipupwe walijaa mkondo wa A, wa kiangazi walijaa chini. Ni watoto walewale, wa mitaa ileile. Mwezi ulikuwa unawachagua, na waliowachagua waliamini wanaona akili.

Kisha mtihani wa miaka kumi na moja, uliomtenga anayekwenda shule ya grama na anayekwenda sekondari ya kisasa, jina zuri la mahali pa waliobaki. Watunzi wa mitihani hiyo walikuwa watu makini. Mitihani ya Moray House, iliyotungwa Edinburgh na kutumiwa na halmashauri nyingi za Uingereza, ilikuwa na jedwali la kumfidia mtoto mdogo kwa kila mwezi wa umri uliompungukia. Wa Agosti aliongezewa alama. Lakini jedwali lilifidia miezi ya kuishi. Mihula aliyoikosa, na miaka minne aliyokaa mkondo wa B kwa sababu ya mihula hiyo, haikuwa na safu.

Bi Jirani alikuwa B. Mwaka 1958 akaenda sekondari ya kisasa. Mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia kiwanda kilekile cha soksi cha mama yake.

Serikali ilikuja kuliona. Mwaka 1963 kamati iliundwa chini ya Bridget Plowden, na ripoti yake ya mwaka 1967 ilikuwa kubwa kama msahafu. Ilitaka mafungu matatu yafutwe, pawe na siku moja tu ya kuingia kwa mwaka, Septemba baada ya mtoto kutimiza mitano, na ngazi ya wadogo iwe ya miaka mitatu kamili kwa kila mmoja. Kabla ya hapo watoto waanze taratibu, nusu siku, kwenye shule za chekechea. Shida ni kwamba chekechea zilikuwa chache: waraka wa wizara wa mwaka 1960 ulikuwa umezizuia halmashauri kuziongeza, walimu hawatoshi. Mwaka 1961 mama mmoja wa London, Belle Tutaev, aliandika barua katika gazeti la The Guardian kusema kwamba yeye na majirani wanaendesha kikundi cha watoto wenyewe, na akina mama wa nchi nzima wakamwandikia. Kumbi za makanisa zikajaa vikundi hivyo, vya kujitolea, vya kulipia senti.

Septemba moja ya Plowden ilipatikana mwishowe, miaka ya themanini na kuendelea, halmashauri moja baada ya nyingine. Ila ilipatikana kwa upande wa pili. Plowden alitaka Septemba baada ya kutimiza mitano. Walichochukua ni Septemba kabla yake. Kila mtoto sasa anapata mihula sawa na mwenziwe, haki imetendeka, na ndiyo sababu mjukuu wangu anaokota majani katikati ya barabara.

Hesabu hiyo yote niliiandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi, nikampitishia Bi Jirani juu ya ua. Nilidhani itamchekesha. Alivaa miwani, akaisoma kwa kidole. Akaniuliza wa Oktoba alipata mihula mingapi.

Minane, nikasema.

Marehemu mumewe alizaliwa Oktoba 1946. Nilikuwa nalijua hilo na nimelisahau. Walikuwa darasa moja. Yeye alipofika Septemba na birika lake, mwenzake alikuwa amekaa pale tangu Januari. Akaenda A, akaenda grama, akaja kufanya kazi benki. Waliishi katika ndoa miaka arobaini na minane.

"Hata orodha ya sokoni alikuwa akinisahihisha," akasema. "Kwa kalamu nyekundu, bata. Na mimi nikimshukuru."

Akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfuko wa aproni. Matone yalikuwa yameanza, akaenda kuanua shuka zake.